Je, Darwin alimwibia Wallace?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Shuleni tulifundishwa kwamba nadharia ya mageuzi ya viumbe ni ya Charles Darwin. Sasa nasikia kuna mtu anayeitwa Alfred Russel Wallace aliyemtumia Darwin nadharia hiyohiyo kwa barua, kabla Darwin hajatoa kitabu chake. Je, Darwin alimwibia? Na huyu Wallace alikuwa nani hasa?
Mwanafunzi wa kidato cha tano

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakumwibia. Lakini Wallace alifanyiwa jambo ambalo mimi mpaka leo siliafiki, nawe utaamua mwenyewe.

Tuanze na tarehe. Darwin aliandika rasimu ya kwanza ya nadharia yake mwaka 1842, akaipanua kuwa insha ndefu mwaka 1844, kisha akaiweka tu bila kuichapisha. Barua ya Wallace, yenye insha yake kuhusu nadharia hiyohiyo, ilimfikia Juni 1858. Kwa hiyo aliyetangulia kufikiri ni Darwin, na ushahidi wa maandishi upo. Tatizo ni yaliyofuata. Darwin, akiwa amefadhaika, aliwaomba ushauri rafiki zake wawili wanasayansi, Charles Lyell na Joseph Hooker. Hao wakapanga maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja katika Jumuiya ya Linnean, chama cha wanasayansi wa viumbe, jijini London tarehe 1 Julai 1858, ya Darwin yakitangulia na ya Wallace yakifuata. Darwin hakuwepo, alikuwa amefiwa na mwanawe mchanga siku chache tu kabla. Wallace naye alikuwa kwenye visiwa vya mbali huko Asia, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Alipopata habari alifurahi, tena akamwandikia mama yake kwa fahari kwamba wakubwa wa sayansi wameithamini kazi yake. Hata hivyo, furaha yake haiwaondolei lawama wale mabwana. Insha ilikuwa mali yake, na walipaswa kumuuliza kwanza.

Sasa nikueleze alikuwa nani, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Wallace alizaliwa Wales mwaka 1823 katika familia iliyoishiwa fedha. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 hivi, akafanya kazi ya kupima ardhi pamoja na kaka yake, kisha akafundisha shule mjini Leicester. Huko alikutana na Henry Walter Bates, kijana aliyependa kukusanya mbawakawa, naye akaambukizwa mapenzi hayo. Mwaka 1848 wakasafiri wote wawili kwenda Brazili. Darwin alitoka katika nyumba ya kitajiri na hakuhitaji mshahara maisha yake yote. Wallace alijilipia safari zake kwa kuuza ndege na wadudu aliowakamata. Wakala wake, Samuel Stevens, aliwatafutia wanunuzi London.

Watu hulitaja jambo hili kama kikwazo alichokishinda. Mimi naliona kuwa ndilo lililomfungulia mlango. Mkusanyaji wa kujiburudisha hutosheka na kipepeo dume mmoja na jike mmoja, akawafungia kabatini. Wallace alihitaji wengi wa spishi ileile, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mnunuzi wake. Ukiwapanga mezani vipepeo mia wa spishi moja, huwezi tena kuamini kwamba wote wanafanana. Huyu bawa lake ni refu kidogo, yule rangi yake imekolea. Tofauti hizo ndogo ndiyo malighafi ya nadharia nzima.

Pia alizingatia mno mahali kila kiumbe kilipopatikana. Mwaka 1852 aliandika kuhusu kima wa Amazon, akilalamika kwamba makumbusho yaliandika tu “Brazili” au “Peru” kwenye vielelezo vyao, wakati yeye aliona kwamba mto mpana kama Rio Negro unaweza kuwa mpaka: ng'ambo hii kima wa aina moja, ng'ambo ile wa aina nyingine. Darwin alipokuwa visiwa vya Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki, hakutenganisha vizuri ndege wake wadogo kwa kila kisiwa, na baadaye ilimbidi ategemee makusanyo ya wenzake melini.

Brazili ilimtoza sana. Mdogo wake, Herbert, aliyemfuata huko, alikufa kwa homa ya manjano mwaka 1851. Mwaka uliofuata, Wallace akirudi Uingereza, meli iliwaka moto katikati ya Atlantiki na makusanyo aliyokuwa nayo yakateketea karibu yote. Alikaa siku 10 ndani ya mashua kabla ya kuokolewa. Stevens alikuwa amemkatia bima ya pauni 200, na bila hiyo sijui angeanzaje upya.

Alianza upya. Kuanzia 1854 hadi 1862 alizunguka visiwa vya Malay (Indonesia na Malaysia za leo), akarudi na vielelezo 125,660. Hakufanya kazi hiyo peke yake: Ali, kijana kutoka Sarawak, alianza kama mpishi wake akaishia kuwa mwindaji hodari wa ndege na mtu wa kutegemewa kabisa. Jina lake linastahili kutajwa kila Wallace anapotajwa.

Mwaka 1856 alivuka kutoka kisiwa cha Bali kwenda kisiwa cha Lombok, mwendo wa kilomita 35 hivi tu. Bali aliona vigong'ota na zuwakulu, ndege wa Asia. Lombok akakuta kasuku weupe wenye vishungi, ndege wa upande wa Australia. Hali ya hewa ni ileile, lakini viumbe ni wa dunia mbili. Sababu ni kina cha mlangobahari ulio kati ya visiwa hivyo: hata enzi za barafu, bahari ilipopungua kwa zaidi ya mita 100, hapo maji hayakukauka. Mpaka huo leo unaitwa Mstari wa Wallace.

Barua yenyewe aliiandika Februari 1858, akitaja kisiwa cha Ternate kuwa ndipo alipo. Alikuwa amelala na homa, akikumbuka maandishi ya mwanauchumi Thomas Malthus kuhusu njaa na maradhi vinavyozuia watu kuongezeka bila kikomo. Akajiuliza: kwa wanyama, ambao huzaana haraka zaidi, ni nani hufa na ni nani hubaki? Jibu likamjia kwamba kwa jumla hubaki wale ambao tofauti zao ndogo zinawafaa pale walipo, na watoto wao huzirithi. Vizazi vikipita, spishi hubadilika.

SWALI: Mwalimu, kama mtu ametokana na sokwe, mbona sokwe bado wapo?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Dada yangu, nadharia haisemi kwamba sokwe wa leo ndiye babu yetu. Wallace mwenyewe, katika makala aliyoiandika Sarawak mwaka 1855, alifananisha undugu wa spishi na matawi ya mti mkongwe. Tawi halitoki katika ncha ya tawi jirani; yote mawili yalichipuka mahali pamoja, chini zaidi. Sisi na sokwe tulikuwa na wahenga wamoja mamilioni ya miaka iliyopita, kisha kila upande ukashika njia yake.

Lakini ukiona ugumu kuhusu akili ya binadamu, Wallace naye aliuona. Mwaka 1869 aliandika kwamba uteuzi asilia, yaani huko kubaki kwa viumbe wenye tofauti zinazowafaa, hautoshi kueleza akili hiyo, na kwamba nguvu ya juu zaidi iliingilia. Darwin alisikitika, akamwandikia kwamba anatumaini hajamuua kabisa mtoto wao wa pamoja, yaani nadharia yao. Katika hili mimi niko upande wa Darwin. Wao wawili walibaki marafiki, na mwaka 1881 Darwin alipigania Wallace apewe pensheni ya serikali ya pauni 200 kwa mwaka, naye akaipata.