Kuachana kwa makubaliano: pimeni kwanza kama mnaweza

Tanzania Bara wanandoa wakichokana mara nyingi huishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Karatasi moja, mashahidi wawili, muhuri: nyumba yako, shamba langu, watoto kwa mama. Miaka inapita, mmoja anataka kufunga ndoa nyingine, au anafariki na mirathi inafunguliwa, ndipo inajulikana kwamba ndoa ya kwanza bado hai. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, amri ya talaka hutolewa na mahakama. Mnachoweza kumaliza wenyewe ni mali, madeni na watoto, na hayo ndiyo yanayokula miaka kortini.

Je, mnafaa kukaa mezani? Kama kuna kipigo au vitisho, hapana. Anayeogopa husaini chochote ili atoke salama.

Wengine wajipime hivi. Kila mmoja, peke yake, aorodheshe kila kitu: viwanja pamoja na hati au mikataba ya mauziano, kadi za magari, hisa na mikopo ya SACCOS na VICOBA, salio la benki na la simu, mifugo, madeni hata ya ndugu. Kisha linganisheni. Mtu kusahau jokofu si neno. Kikikosekana kiwanja kizima, au kikaonekana kimeandikwa jina la shemeji, hapo makubaliano hayana msingi, mwachieni hakimu. Na asiyewahi kuwa na mshahara asikae kama mwombaji: tangu shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani inazitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa.

Kuhusu watoto, "baba atasaidia" ni maneno matupu. Andikeni kiasi, tarehe na njia ya kulipa; nani analipa ada Januari na nani Julai; bima, sare, likizo ya Desemba. Aliye chini ya miaka 7, sheria huanza kwa kudhani ni heri akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa.

Mkishaafikiana, nendeni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Hati yake ya kushindwa kuwapatanisha isizidi miezi 6 siku mnapofungua shauri. Barua ya mchungaji au mtendaji tu, isiyotoka kwenye Baraza, ni sababu ya kawaida ya shauri kutupwa. Ndoa isiyotimiza miaka 2 huhitaji kwanza ruhusa ya mahakama.

Makubaliano yaelezwe ndani ya maombi ya talaka. Hakimu atauliza kama ni ya haki, na akiona mmoja kapunjwa hatayabariki hata kama wote mmesaini. Baada ya hukumu, chukueni nakala zilizothibitishwa mkahamishe majina kwenye hati za viwanja na kadi za magari mapema, maana hayabadiliki yenyewe.