Mwanangu, kabla hujaigusa hiyo mashine ya risasi

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Unasema mwenzako wa kazini anahama, amekuachia bure mashine yake ya kushindilia risasi pamoja na ndoo ya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa na mkebe wa baruti uliobaki nusu. Sasa unaniuliza kama uanze kujitengenezea risasi za bastola yako ya 9mm, na kama kweli utaokoa pesa.

Nianze na pesa, maana hilo ni jepesi. Kwa 9mm nafuu yake ni ndogo. Viwanda vinazitoa kwa wingi mno, bei iko chini. Anayeona faida ni mwenye bastola ya .44 Magnum au .45 Colt, ambaye boksi moja tu dukani linamuumiza. Maganda utayaokota bure uwanjani, lakini kichwa (ile ncha inayoruka), fataki (kile kidude cha kitakoni kinachoiwasha baruti) na baruti yenyewe utanunua, na mwaka 2021 fataki ziliadimika hapa Marekani hadi tukawa tunapigiana simu kama watu wanaotafuta sukari mwezi wa Ramadhani. Halafu kile kidogo unachookoa unakimalizia kwenye kupiga risasi nyingi zaidi. Mama yako aliligundua hilo kabla yangu, na hajaacha kunikumbusha.

Ila kuna swali hukuniuliza, nalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu: kama una utulivu wa kazi hii.

Babu yako kule Tabora alikuwa na gobore. Maneno ninayoyatumia gerejini kwangu Houston yote ni yake: baruti, fataki, kushindilia. Alimimina baruti kwa mdomo wa mtutu, akashindilia kwa ufito, akatia marisau, yaani vipunje vya risasi, akashindilia tena, mwisho kabisa akaweka fataki. Sisi watoto tuliruhusiwa kukaa karibu na kutazama, lakini kumsemesha ilikuwa marufuku mpaka amalize. Hata mgeni akibisha hodi, alisubiri. Nilidhani ni ukali wa wazee tu. Nilikuja kumwelewa nikiwa na miaka hamsini na moja.

Risasi ya leo ni gobore lile lile ndani ya kikopo cha shaba: fataki kitakoni, baruti tumboni, kichwa mdomoni. Ikishapigwa, ganda hubaki zima, limetanuka kidogo. Unalisafisha na kulikagua kama lina ufa, unalipitisha kwenye kalibu, ule umbo wa chuma unaolirudisha kipimo chake na sindano yake kuisukuma nje fataki iliyokufa, unalipanua mdomo, unatia fataki mpya, unapima baruti, unakalisha kichwa, unaubana mdomo. Mikono itazoea kwa jioni mbili.

Kwenye hiyo ndoo pitisha sumaku, uyatoe maganda ya chuma. Na ukikuta ganda ambalo ndani kitakoni lina vitundu viwili vidogo badala ya kimoja katikati, liweke kando, litakuvunjia sindano ya kalibu. Yale ya kitundu kimoja ni mtindo wa Boxer, ya viwili ni wa Berdan. Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, na leo Wamarekani ndio wanaotumia wa Boxer. Mambo ya dunia hayo.

Sasa baruti. Ya babu ilikuwa nyeusi, ya moshi, unaiona kwa wingi wake. Hizi zetu zina nguvu nyingi katika kiasi kidogo. Tunazipima kwa greni, na greni 7,000 ndizo ratili moja. Zipo ambazo chaji yake halali haifiki hata nusu ya ganda. Maana yake unaweza kutia mara mbili katika ganda lile lile, kichwa kikakaa vizuri juu yake, na kwa nje usione tofauti. Kiwango cha juu cha mkandamizo kilichowekwa kwa 9mm ni ratili 35,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari lako unalijaza 35 hivi. Sasa zidisha mara elfu, ukiwa umeishika mkononi, mbele ya uso wako. Na hapo ni chaji moja iliyo sawa.

Mimi sikutia mbili. Nilisahau kutia kabisa, na watu wengi hudhani hilo halina madhara.

Ilikuwa jioni ya siku ya kazi. Nilikuwa na mashine kama hiyo uliyonipigia picha, ya kuzunguka, ambayo kila ukivuta mkono wake mara moja hatua zote zinafanyika kwa pamoja, kila moja kwenye ganda lake. Simu ikaita. Ilikuwa msiba nyumbani, nikaongea kwa muda mrefu. Niliporudi nikashika mkono wa mashine nikaendelea pale nilipodhani niliishia.

Jumamosi uwanjani, risasi kama ya kumi na moja hivi, badala ya mlio nikasikia "puf," kama mtu aliyefungua soda iliyokwisha gesi. Bastola haikupiga teke. Nikafikiri imekwama tu, na mkono ukaenda wenyewe kuivuta ili niingize nyingine. Mzee mmoja aliyekuwa meza ya pili akapiga kelele: "Acha! Usipige!" Tukatoa magazini, tukaifungua bastola, akauinua mtutu na kuuelekeza kwenye mwanga wa jua. Sikuona kitu. Giza. Fataki peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu kikakwama humo, na kimeingia kiasi cha kuiachia nafasi risasi inayofuata. Ningeipiga hiyo, mtutu ungeweza kupasuka.

Tukakisukuma nje kwa kijiti cha shaba. Ninacho bado, kiko kwenye droo ya vikombe.

Nikarudi nyumbani na risasi 187 zilizobaki za jioni ile. Nilijaribu kuzipima uzito, nikaona ni kazi bure: maganda ya mchanganyiko yanatofautiana yenyewe kwa yenyewe kuliko uzito wa baruti unaotafuta. Nikazifungua zote, moja moja, kwa ile nyundo ya kung'olea vichwa. Siku mbili. Zote zilikuwa sawa. Mbovu ilikuwa moja tu.

Basi kama utaanza, anza hivi. Mashine hiyo usiiendeshe kama yeye alivyoiendesha. Weka ganda moja tu, lizungushe mpaka litoke risasi kamili, ndipo uweke jingine. Au afadhali ununue ya hatua moja moja: unatia baruti kwenye maganda 50 yaliyosimama kwenye kibao chenye matundu, kisha unamulika tochi ndani ya kila moja kabla hujaweka kichwa hata kimoja. Macho yataliona lililojaa kupita wenzake au lililo tupu. Simu iache chumba kingine. Ukikatizwa katikati, lolote lililo kwenye mashine litoe, uanze upya.

Ule mkebe uliobaki nusu usiutumie. Najua kibandiko kinasema ni baruti gani, lakini hujui mtu alirudisha nini humo ndani. Piga simu zimamoto ya hapo Columbus wakuelekeze namna ya kuitupa. Nunua mpya, iliyofungwa, pamoja na kitabu cha vipimo, na uanze na kipimo cha chini kilichoandikwa kwa kichwa kile kile ulichonunua. Na urefu wa risasi ufuate kama walivyoandika, maana kwa 9mm kukididimiza kichwa kidogo tu zaidi kunapandisha mkandamizo vibaya. Usiniombe namba zangu. Ni za bastola yangu, na hata kwako wewe sitazitoa.

Nyumbani una mtoto wa miaka mitatu. Fataki zina risasi, namaanisha ile madini ya risasi yenyewe, na mabaki yake yamo kwenye vumbi la maganda yaliyopigwa. Yaoshe kwa maji, usiyasafishe makavu yakatimua vumbi, wala sufuria ya jikoni isihusike. Usile hapo mezani, nawa kwa sabuni na maji ya baridi, na nguo za kazi hiyo usimbebee mtoto. Baruti na fataki ziwe kwenye vifungashio vyake vya dukani, mbali na moto, kila moja mbali na mwenzake, chini ya kufuli. Kanuni za zimamoto zinazofuatwa sehemu nyingi huishia ratili 20 za baruti nyumbani. Wewe hata mbili zitakutosha mwaka.

Kuhusu sheria: za matumizi yako mwenyewe serikali ya shirikisho haidai leseni. Ukianza kuwauzia watu kwa faida unaingia kwenye leseni ya mtengenezaji, kwa hiyo rafiki akiomba, mwambie hapana. Na binamu yako anayekaa kwako kwa viza ya masomo, hilo ni zito zaidi. Mwenye viza ya muda kwa kawaida hakubaliwi kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Usimpe hata kazi ya kuhesabu, na funguo asiwe nazo. Mkija nyumbani Desemba, mkague mabegi mifuko yote. Sitaki kuja kumweleza ofisa wa uwanja wa ndege risasi iliyosahaulika ni ya nini.

Nitakuwa kwako wiki ya mwisho ya mwezi ujao. Nitakuja na kibao changu cha matundu na taa yangu ndogo ya shingo ndefu. Mpaka hapo, ifunike tu hiyo mashine na shuka.

Baba yako