Uliza Anko: Lager ni baridi ama moto?

SWALI: Anko, mambo. Mimi lager nakunywa moto tangu zamani, baridi inaniuma meno. Sasa wikendi hapa Kondele jamaa mmoja tunafanya kazi na yeye akaanza kunicheka eti naharibu bia, eti bila kuwa baridi ya kuganda huwezi sikia ladha. Mimi nikionja yake nasikia maji tu. Nani yuko sawa?
Mnywaji, Kisumu

JIBU: Bro, nyote mmekosea, ila yeye amekosea zaidi kidogo. Bia ikitoka friji karibu iwe barafu ulimi unakufa ganzi, unasikia gesi na baridi, basi. Lakini moto ya Kisumu nayo sio moto ya Limuru, kreti ikishinda stoo mpaka saa nane mchana hiyo bia ukiimimina povu linaisha mbio, gesi inatoka yote, unabaki na utamu wa kimea umelala kwa ulimi kama uji wa jana. (Meno peleka kwa daktari, usilaumu bia.)

Lager yenyewe ni kitu cha baridi tangu inapopikwa. Hamira yake inafanya kazi pole pole kwa digrii kama 7 hadi 13, halafu bia inalazwa wiki kadhaa karibu na sifuri, ndio maana inatoka safi, haina zile harufu za ndizi na matunda za bia zinazochachushwa kwa joto. Hii ya rangi ya dhahabu ilianzia Plzeň, Bohemia (sasa ni nchi ya Wacheki), mwaka wa 1842, mpishi alikuwa Mjerumani anaitwa Josef Groll, akatumia kimea ambacho hakijachomwa sana, maji laini ya huko na hopsi (maua yanayotia bia uchungu) za aina ya Saaz. Ya Wacheki mpaka leo ina uchungu wa kweli. Tusker yetu ya asilimia 4.2 ni ya ukoo huo huo, ila uchungu wameupunguza sana, kwa hivyo ukiificha na barafu utabaki kuonja nini?

Sasa fanya hivi, toa chupa kwa friji, ngoja kama dakika kumi, mimina kwa glasi iliyosuuzwa vizuri maana mafuta na sabuni huua povu. Wacha povu vidole viwili. Nusa kwanza, utapata mkate na majani majani hivi, halafu piga funda na umeze, usiteme, uchungu wa hopsi unausikia vizuri huku nyuma ukishameza. Ukisikia siagi ama mahindi ya kuchemsha, jua kuna mahali mambo yalienda mrama kiwandani. Ikinuka kicheche, hiyo ni jua, mwanga unaharibu hopsi, na chupa ya kijani inaumia haraka kuliko ya kahawia, kwa hivyo ukienda ufuo wa Dunga kula samaki wa kukaanga agiza moja moja, usipange chupa tano mezani juani.