Akiolojia katika andiko la ruzuku: hesabuni na kazi inayofuata shimo likishafukiwa

Ndugu uliyeuliza kama akiolojia iingizwe katika andiko lenu la kuomba ruzuku ya kukarabati jengo la kale, au mngoje mafundi wakute kitu ndipo mwite wataalamu: iingizeni tangu mwanzo, tena iwe na kifungu chake katika bajeti.

Katika mradi mmoja niliofanyia kazi tuliandika sentensi moja tu, kwamba mwanaakiolojia atasimamia uchimbaji wa mtaro wa maji ya mvua kwa siku tano. Siku ya tatu, kwenye kina cha mita moja hivi, udongo uligeuka mweusi wenye majimaji, na ndani yake zikaonekana mbao za sakafu ya zamani, bado zina alama za shoka. Mbao zilizokaa kwenye maji muda mrefu zikiachwa zikauke hovyo hujikunja na kupasuka, kwa hiyo tulizifunga kwa plastiki zikiwa zimelowa, tukaomba fedha za kuzihifadhi. Mfadhili alijibu kwamba kazi hiyo haimo katika mkataba, na kwa haki yake, haikuwamo. Vigae vya vyungu vilioshwa vikatiwa mifukoni bila kuchambuliwa.

Wengi hudhani gharama iko kwenye kuchimba, kumbe iko kwenye yanayofuata. Vasa, meli ya kivita iliyozama mwaka 1628, iliopolewa huko Stockholm, Uswidi, mwaka 1961, na mbao zake zikanyunyiziwa kemikali ya kuzihifadhi kwa miaka 17. Ninyi hamtaopoa meli, lakini hesabu ni ileile kwa kiasi chake. Kanuni ya 17 katika kiambatisho cha Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji inataka, isipokuwa kwa dharura, fedha za hatua zote hadi uhifadhi na ripoti ziwe na uhakika kabla kazi haijaanza. Nami sioni kwa nini nchi kavu idai pungufu ya hapo.

Kabla ya kuandika, someni ramani na nyaraka za zamani za kiwanja, kwa maana mtaro ukiweza kupitishwa kando, mabaki yakabaki ardhini, mmeokoa fedha na mabaki yenyewe. Pia ambatisheni barua ya makumbusho inayokubali kupokea vitakavyopatikana. Sisi tuliitafuta baada ya mradi kufungwa, na masanduku yetu yakakaa miezi kumi na minne chini ya ngazi za ofisi.