Ukitaja Anayeingia, Mtaje na Anayetoka

Ndugu yangu, wewe uliyeanza kukaa nasi kando ya uwanja wa Ruaraka msimu huu, nimekuona mara tatu ukitaka kusema neno kuhusu kikosi cha taifa cha kriketi, kisha ukalimeza. Usilimeze. Nimeandika alama za ligi ya Nairobi kwa zaidi ya miaka 20, Ruaraka, Jaffery, Gymkhana na Simba Union, na kila kikosi kinapokaribia kutangazwa hubishana na wenzangu mpaka chai inapoa. Haya ninayokuandikia nimeyaokota huko, mengine baada ya kushindwa hoja mbele za watu.

La kwanza ndilo kubwa. Ukitaja mtu wa kuingia, mtaje na wa kutoka.

Nilijifunza hilo mwaka wangu wa pili. Kulikuwa na kijana mpigaji aliyekuwa amepata mikimbio (alama za kupiga) mingi kuliko wote kwenye kitabu changu, na jina lake halikuwamo kikosini. Nikasimama nikasema kumwacha ni dhuluma. Palikuwa na mzee mmoja, mrushaji wa zamani, aliyenisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Akaniuliza, "Anapiga nambari ngapi kwenye zamu, kijana wangu?" Nikamjibu, "Ya tatu, Mzee." "Na wa nambari tatu wa sasa aende wapi?" Nikasema ashuke hadi ya tano. "Wa tano je?" Nikamsogeza hadi ya saba, na wa saba, aliyekuwa anapiga na kurusha, nikamtoa. Mzee akahesabu kwa vidole. "Umebaki na warushaji wanne. Kila mmoja ana ova 4, jumla 16. Hizo 4 zilizobaki arushe nani?"

Ova ni mipira sita ya mrushaji mmoja, na mechi ilikuwa ya ova 20. Sikuwa na jibu. Wala sikuwa nimekosea kuhusu kijana. Alikuwa mzuri kweli, na baadaye aliichezea nchi. Kosa langu lilikuwa kuongea juu ya jina wakati wateuzi wanagawa kazi.

Basi jizoeze hesabu hii mpaka uifanye ukiwa ndani ya matatu bila karatasi. Kwenye mechi ya ova 20, mrushaji haruhusiwi kuzidisha ova 4, kwa hiyo huwezi kwenda na warushaji pungufu ya watano, na mwenye busara huwa na wa sita, maana kuna siku mmoja atapigwa vibaya ova yake ya kwanza na nahodha atataka kumficha. Mlinda wiketi, anayedaka nyuma ya mpigaji, ni mmoja. Toa hao kwenye wachezaji 11, uone nafasi za wapigaji halisi zilizobaki: nne au tano. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mtu anayepiga kiasi na kurusha kiasi humpiku fundi wa kupiga pekee, jambo linalowakasirisha sana wageni. Mechi ya ova 50 hesabu ni ileile, ila mrushaji ana ova 10. Halafu tazama warushaji wako watano ni wa aina gani. Wote wakiwa wa kasi na pichi, ule ukanda wa kurushia mpira, imekauka, umeumia. Wote wakiwa spina, warushaji wa kuzungusha mpira, na mpira ni mpya, umeumia vilevile.

Sasa takwimu. Watu huzileta kama hati ya shamba, kana kwamba mazungumzo yameisha. Takwimu ni mwanzo wa maswali, na maswali yenyewe ni haya: dhidi ya nani, kwenye uwanja gani, na mchezo ulikuwa umefika wapi. Nilipofika nyumbani siku ile nilifungua kitabu changu upya. Zaidi ya nusu ya mikimbio ya yule kijana ilikuwa imetoka mechi mbili, zote dhidi ya timu iliyokuwa mkiani mwa ligi. Niliiandika mwenyewe kwa mkono wangu, na sikuwa nimeiona.

Ukitaka mfano ambao kila mtu anaujua, ni hapa hapa Ruaraka. Oktoba 2024 Zimbabwe ilipata mikimbio 344 kwa ova 20 dhidi ya Gambia, Sikandar Raza peke yake akapata 133 kwa mipira 43 bila kutolewa. Gambia wakamalizwa kwa 54. Raza ni mchezaji mkubwa, hilo halina ubishi, lakini ubora wake ulikuwa umethibitishwa kwingine kabla ya siku hiyo. Mtu anayejaribiwa kwa mara ya kwanza akileta alama za mechi ya namna hiyo, zihesabu, kisha mtafutie siku alipokutana na warushaji wanaouma.

Uwanja nao husema. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira ukipigwa juu hupaa. Gymkhana ndiko Shahid Afridi wa Pakistan alikopata mikimbio mia kwa mipira 37, Oktoba 1996. Nimewaona wapigaji wetu wakituma sita baada ya sita (pigo linalovuka mpaka bila kugusa chini) huku, halafu wanashuka Mombasa na pigo lilelile linadakwa na mtu aliyesimama mpakani. Kama mashindano yako pwani au nchi ya tambarare, uliza mpigaji wako amefanya nini huko chini. Na mrushaji aliyepigwa sana Nairobi usimfute haraka.

La mchezo umefika wapi ndilo watu hulisahau zaidi. Mikimbio 40 kwa mipira 45 ni mali ikiwa wiketi nne zimeanguka mapema, yaani wapigaji wanne wametolewa, na unahitaji kufikisha 110 tu. Kwenye mechi ya kutafuta 180 ni mzigo kwa wenzako. Kitabu cha alama kina majibu hayo yote, ukikisoma mstari kwa mstari badala ya kuangalia jumla ya chini. Nenda kwa mwandishi wa alama, msalimie, umwombe. Sijawahi kumwona akimnyima mtu.

Na zipo kazi ambazo hazitokei vizuri kitabuni. Tarehe 29 Februari 1996, kule Pune, Kenya iliifunga West Indies kwenye Kombe la Dunia. Sisi tulipata 166, wao wakatolewa wote kwa 93. Kila mtu anakumbuka ushindi. Wachache wanakumbuka kwamba hakuna Mkenya aliyefika hamsini siku ile. Steve Tikolo ndiye aliyeongoza kwa 29. Maurice Odumbe alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15, Rajab Ali 3 kwa 17, na Brian Lara alitoka kwa mpira uliodakwa na mlinda wiketi, Tariq Iqbal. Ungechagua timu ile kwa kutafuta nani amefunga mia karibuni, hungeipata. Kwa hiyo unapokuja uwanjani Jumamosi, usifuate mpira peke yake. Mtazame aliye mbali na mpira. Anasogea mrushaji anapoanza mbio? Anarusha mpira kwa mlinda wiketi ukiwa umenyooka na sahihi, au anautupa ilimradi? Mimi huchagua jirani mmoja na tunampa mchezaji mmoja tu wa kumtazama kwa ova kumi. Utashangaa.

Kuna kauli mbili utazisikia sana na nakuomba uziogope. Ya kwanza: "huyu amezeeka." Ya pili: "huyu ni mrushaji, hajui kupiga."

Kwa hiyo ya kwanza, Aasif Karim. Alikuwa nahodha wetu kwenye Kombe la Dunia la 1999, akastaafu, akarudishwa kwa ajili ya lile la 2003 akiwa na miaka 39. Kule Durban, dhidi ya Australia waliokuwa mabingwa wa dunia, alirusha ova 8 na mipira 2, ova 6 kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja. Wiketi 3, mikimbio 7. Tulishindwa mechi, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa yeye. Mteuzi aliyemwita hakuwa anatafuta kijana wala mzee. Alitaka spina wa mkono wa kushoto asiyetetemeka, akamjua mmoja.

Kwa ya pili, Collins Obuya. Tarehe 24 Februari 2003 pale Gymkhana aliwamaliza Sri Lanka kwa wiketi 5, mikimbio 24, akizungusha mpira kama anauongelesha. Miaka ikapita, urushaji ukapungua makali, naye akajijenga upya kuwa mpigaji. Mwaka 2011, Bengaluru, akafikisha mikimbio 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Angeachwa milele kwa sababu sisi tulio kando ya uwanja tulishamwekea jina la "spina", tungempoteza.

Lakini umri usiuchukulie kama jambo la mtu mmoja mmoja tu. Tikolo alicheza Kombe la Dunia mara tano, kuanzia 1996 hadi 2011, na hakuna siku niliyotaka aachwe. Tatizo letu lilikuwa kwamba wengi wa kizazi kile walizeeka pamoja, na waliokuwa wafuate nyuma yao hawakuwa wamepewa mechi za kutosha za kukomaa. Mwaka 2011 tulipoteza mechi zote sita. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50. Wengine husema fedha, wengine uongozi, na sitawapinga. Mimi naongeza hili la uteuzi: kwenye kikosi cha watu 15, nafasi mbili ni za mtu atakayekuwa tayari miaka mitatu ijayo, na nafasi hizo huliwa kila mara kwa sababu kila mashindano yanaonekana ni ya kufa na kupona. Ninalisema hili kila mwaka na nitaendelea kulisema.

Nije kwenye lile ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Mwamba ngoma huvutia kwake. Utasikia kwamba fulani amechukuliwa kwa sababu ya klabu yake, au jamii yake, au ndugu yake. Wakati mwingine ni kweli. Nimewahi kuandika alama za mechi ya mchujo ambayo orodha ya kikosi ilikuwa tayari imeandikwa kabla mpira wa kwanza haujarushwa, na vijana walitoka majumbani mwao alfajiri kuja kucheza mechi isiyokuwa na maana. Iliniuma, bado inaniuma. Sitakwambia unyamaze kuhusu mambo kama hayo. Ninakwambia uyathibitishe: mechi ipi, tarehe gani, nani alifanya nini, nani alichukuliwa badala yake. Lawama isiyokuwa na mechi ndani yake huwapa wenye makosa mahali pa kujificha.

Na kuwa na ndugu si kosa. Siku ile ya Sri Lanka pale Gymkhana, aliyetuongoza kwa kupiga alikuwa Kennedy Otieno, mikimbio 60, na aliyetuongoza kwa kurusha alikuwa Collins, mdogo wake. Ndugu yao mwingine, David, naye alikuwa kikosini mwaka huo. Ungekuwa umekaa nasi ungeweza kupiga kelele kuhusu ndugu watatu kutoka nyumba moja. Ungepiga kelele huku wanatupeleka nusu fainali ya Kombe la Dunia. Timu ile ya Pune nayo ilikuwa na Odumbe, na Modi, na Rajab Ali, na Tariq Iqbal, majina ya mitaa tofauti kabisa ya nchi hii, na hakuna aliyekuwa hapo kujaza hesabu ya watu wa kwao. Mtu akianza hoja kwa jina la ukoo, mrudishe kwa upole kwenye kazi: anarusha ova zipi, anapiga nambari ngapi.

Kuhusu namna ya kusema sina mengi. Wazee waache wamalize. Ukikosea, sema umekosea, na Jumamosi inayofuata uje na hoja nyingine. Usiseme mtu "hafai". Sema kazi gani hajaionyesha, maana hiyo anaweza kwenda kuifanyia mazoezi. Na kabla hujapaza sauti, angalia nani yuko karibu, kwa sababu kriketi ya Nairobi ni ndogo na wanaozungumziwa hukaa benchi la nyuma yako.

Msimu uliopita ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tumemjadili mrushaji mmoja wa kasi kwa saa nzima, kama achukuliwe au la, na wengi wetu tulikuwa tumemkataa. Jioni tukiwa stejini Thika Road tukamkuta amesimama na begi lake la vifaa miguuni, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa amesikia. Sote tukatazama matatu zinazopita. Yule mzee wangu wa ova nne, ambaye sasa anatembea kwa bakora, akamsogelea akamuuliza, "Mwanangu, ukipewa ova ya mwisho na wanataka mikimbio tisa, mpira wa kwanza unautua wapi?" Kijana akaweka begi pembeni, akamwonyesha kwa mkono. Mzee akatikisa kichwa, akamshika kifundo cha mkono, akakigeuza kidogo. Matatu mbili zilijaa zikaondoka, nao bado wamesimama pale wanabishana kuhusu mpira ule mmoja.