Maswali na majibu: lenzi ndogo za difraksheni

Nimechonga lenzi za difraksheni (bapa, zinazokusanya mwanga kwa mifereji) za ngazi mbili, yaani vina viwili vya uso, kwenye silika (aina ya kioo), nikapata ufanisi, yaani sehemu ya mwanga inayofika kwenye fokasi, wa asilimia 62. Mbona wengine wanapata kidogo?

Swali hili halichoki kurudi. Ngazi mbili zinaishia asilimia 40.5, nne 81, nane 95. Ukivuka hapo, kosa liko kwenye kipimo: umeweka fotodayodi (kipima mwanga) pana nyuma ya lenzi, ikameza kila daraja la mwanga, yaani hata miali iliyotawanywa isiyokwenda kwenye fokasi. Kwa lenzi ya kipenyo cha maikromita 200 na fokasi ya milimita 2, leza ya nanomita 633 hutoa doa la kama maikromita 15. Weka tundu la maikromita 50 hapo kwenye fokasi, pima kinachopita, kisha ugawanye kwa mwanga unaopita kwenye dirisha tupu la kipenyo hichohicho, kwenye bamba lilelile. Anayetangaza asilimia bila kusema amegawanya kwa nini, msimwamini.

Kwa ngazi nane nichonge kina gani?

Kwa leza hiyo ya nanomita 633: nanomita 173, 346 na 692, kwa barakoa tatu (vioo vyenye mchoro wa pa kuchonga). Anza na ile ya mistari myembamba, rezisti (utando unaokinga pasipochongwa) ingali inalala kwenye uso bapa. Kina kikikosea kwa asilimia 5 hupotezi hata asilimia moja, kwa hiyo acheni kukesha na profilomita (kifaa cha sindano kinachopima kina). Kesheni na ulinganishaji wa barakoa: kwenye lenzi niliyotaja, ukanda (pete) wa nje una upana wa maikromita 12.7, kila ngazi 1.6. Ukiteleza nusu maikromita umekula karibu theluthi ya ngazi. Na sindano ya profilomita isipite juu ya lenzi. Haifiki chini ya mfereji mwembamba hivyo, itakudanganya kina ni kifupi. Chonga kisanduku kipana cha majaribio pembeni.

Kwa leza ya kijani fokasi imesogea. Lenzi imeharibika?

Haijaharibika. Milimita 2 kwa nanomita 633 ni 2.38 kwa 532. Kina nacho, kilichochongwa kwa ajili ya 633, hakilingani tena.

Lenzi zangu ni duara, zimegusana kwenye gridi ya mraba. Mwanga mwingine unapotelea wapi?

Kwenye pembe: asilimia 21.5 ya eneo haina lenzi. Chora lenzi za mraba.

Baada ya plazima ya CHF3 (gesi ya kuchongea silika) sakafu ya mifereji ina miiba.

Mara nyingi ni mabaki ya rezisti, yanageuka barakoa ndogondogo. Pitisha plazima ya oksijeni kwa muda mfupi kabla ya kuchonga. Ukichelewa mpaka baada, miiba imeshakuwa silika, na haifutiki kwa asetoni.