Kupigwa na wawili kwenye Tenkaichi Tag Team

Pole ndugu. Nimekuelewa: kwenye Dragon Ball Z: Tenkaichi Tag Team, mchezo wa mapigano wa PSP (kifaa cha Sony cha kuchezea mkononi), unamshinda mpinzani mmoja, lakini wakiwa wawili unavamiwa mgongoni kila ukijaza ki, yaani nguvu za mpiganaji wako. Tena gumba linauma na kifuniko cha betri kimeinuka.

Nianze na betri, maana hiyo haingoji. Imevimba. Zima PSP, usiichaji tena, usiitoboe wala kuibonyeza irudi. Mpelekee fundi akutolee, ndipo utafute nyingine.

Sasa mapigano. Mchezo huu wa 2010 umejengwa juu ya timu za wawili wawili, kwa hiyo kabla ya kujaza ki hakikisha unajua adui wa pili yuko wapi. Ruka mbali, jaza kidogo, hama. Anayesimama palepale mpaka ki ijae pomoni anajitoa mhanga. Kamehameha nayo, ule mwali wa nguvu, usiirushe adui akiwa huru anakutazama, ataikwepa tu. Mpige kwanza arushwe mbali, au vizia akiwa ameshughulishwa na mwenzako. Mimi napenda zaidi kubadili ninayemlenga, ili sote wawili tumkabe mmoja hadi aishe. Akitoka, mechi inakuwa ile unayoiweza tayari.

Jizoeze kukinga bila kushambulia kabisa. Inachosha, lakini inasaidia sana.

Gumba lipumzishe siku kadhaa. Likifa ganzi, au likiuma hata usipocheza, nenda ukamwone daktari.